Mwaka Tuliowasomea Ndege

Kwanza naomba radhi kwa mwandiko. Herufi zangu zinalala upande kama mpunga uliopigwa na mvua, na mahali pengine nimeandika neno kama linavyosikika mdomoni kwa sababu sikujua linavyoandikwa kitabuni. Nilimaliza darasa la saba na kalamu nikaiacha hapo hapo. Ukurasa mmoja unanichukua jioni nzima, maana neno likinikimbia siwezi kuendelea mpaka nilikamate. Atakayechapa karatasi hizi amesema atanisahihisha. Nimemwomba asahihishe herufi tu, na mambo ayaache yalivyo, hata yale ambayo mimi mwenyewe sijayaelewa, nayo ni mengi.

Nimeanza kuandika kwa sababu ya msiba wa Mzee Masanja, jirani yetu wa zamani wa shamba kule ng'ambo ya daraja la Kivukoni. Kwenye msiba ule nilimkuta mama mdogo Adelina, ambaye tangu ahamie upande wa Mngeta tulikuwa tunasalimiana kwa simu tu. Alikuwa amekaa mkekani na akina mama wengine, miguu ameinyoosha, na kando yake kulikuwa na begi jeusi la mgongoni kama la wanafunzi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akasema nimenenepa. Nikamuuliza begi ni la nani. "La kwangu. La shule," akasema. Nikamwambia nilidhani alishamaliza. "Ile nilimaliza. Hii ni nyingine. Digrii. Niko mwaka wa pili." Kichwa chake sasa kimejaa mvi, na miwani ameifunga kwa uzi shingoni. Nikamuuliza atamaliza lini. Akacheka kimya kimya, kwa kuwa tulikuwa msibani, akasema, "Nikimaliza watakuwa wameshataka kitu kingine." Sikujua kama nicheke naye au nimwonee huruma. Hali hiyo ya kutojua ndiyo niliyoishi nayo mwaka mzima nilipokaa kwake, na ndiyo ninayotaka kuieleza.

Habari za ukoo na namna nilivyofika kwake Ifakara nitaziruka. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa na nilikuwa na haya kupita kiasi. Dukani nilinyoosha kidole badala ya kutaja kitu. Nyumba ya mama mdogo ilikuwa na vyumba viwili na sebule, kuta zake hazikufika kwenye bati, kwa hiyo maneno ya sebuleni yalipita juu yakaangukia kitandani kwangu. Ukutani sebuleni kulikuwa na picha ya Bikira Maria, na kando yake mchoro mkubwa wa tumbo la mama mjamzito, lililokatwa katikati ili mtoto aonekane alivyojikunja. Katekista akija kutembelea, mama mdogo alikuwa anautundikia kanga ule mchoro, na akiondoka anaufunua. Chakula chetu kilikuwa wali kwa mchuzi wa kambale mkavu, na siku nyingine mlenda. Mama mdogo alikula amesimama, sare ya kazi bado mwilini, kisha anakaa mezani na kufungua vitabu vyake. Baada ya muda mfupi nilikuwa nakuta kitabu kimemfunika uso na miwani iko chini ya kitabu.

Alikuwa nesi mwenye cheti katika zahanati ya mtu binafsi hapo mjini. Mwenye zahanati tulimwita Daktari. Jioni moja nilikuwa chumbani kwangu nakunja nguo nikamsikia mama mdogo akiongea na rafiki yake Tekla, nesi mwenzake.

"Amekuambia lini?" Tekla aliuliza.

"Leo, baada ya zamu. Ameniita ofisini akanikaribisha kiti. Daktari akikukaribisha kiti ujue hakuna heri."

"Akasemaje?"

"Eti soko la ajira limebadilika. Kila mwaka vyuo vinatoa watoto wenye diploma, wanakuja mlangoni kwake na bahasha. Mimi na cheti changu nimeachwa. Mwaka ukiisha sina diploma, anaweka mtu mwingine."

"Na wewe ndiye uliyemzalisha mke wake."

"Mara mbili. Hilo halina cheti."

Walicheka wote wawili, kicheko kirefu, na mimi kule chumbani sikuelewa kinachochekesha. Niliyoelewa ni haya: mama mdogo alikuwa ameshaanza masomo ya kujiendeleza huku akiendelea na kazi, yale ya vitabu vya kusomea nyumbani na kwenda chuoni kwa vipindi. Mwaka uliotangulia alianguka mitihani. Sasa ilibaki mitihani ya mwisho, ambayo ingekuja baada ya mavuno, na akianguka tena kazi inakwenda. Neno kujiendeleza nililisikia karibu kila siku, na kila nilipolisikia lilinichanganya. Wagonjwa walikuwa wanakuja mpaka nyumbani kumwomba awatazame watoto, na sikumwona hata mmoja akiuliza ana karatasi gani. Nilijiuliza, mikono hii ikipata diploma itafanya nini ambacho leo haifanyi? Siku moja nilijikaza nikamuuliza. Alifikiri, kijiko mkononi, akasema, "Kuna mambo mengi nayafanya sawasawa, Beni, lakini sijui kwa nini ni sawasawa." Nikazidi kuchanganyikiwa. Mimi niliona kufanya sawasawa kunatosha.

Wageni wa bonde la Kilombero hushangaa kukuta kwamba huku hata mtu wa ofisini ana mpunga. Mwalimu analima, karani analima, nesi analima. Mama mdogo alikuwa na shamba la kukodi ng'ambo ya mto, na mpunga ule ndio uliomlipia chuo. Mpunga ukianza kutoa masuke, ndege nao wanafika, kwelea kwelea kwa makundi, na lazima mtu akae shambani kutwa kuwafukuza. Huko ndiko kuamia. Ukiacha siku chache tu unarudi kuvuna makapi. Basi nikahamia shambani mimi, na mama mdogo akawa anakuja kwa bodaboda siku zake za mapumziko, na nyingine akitoka zamu ya usiku, macho mekundu. Tulikuwa na madungu mawili, yale majukwaa ya miti yenye paa la nyasi ambayo mwamiaji anapanda ili aone shamba lote. Moja lilikuwa upande huu, lingine mwisho kabisa wa shamba. Kati yake tulivuta kamba zenye makopo na kanda za kaseti zinazometameta. Lakini ndege wanazoea makopo. Wanachokiogopa ni mtu mwenye kelele.

Na kelele ndiyo sikuwa nayo mimi. Nilipanda dunguni nikafungua mdomo ikatoka sauti ya kumwita kuku. Ndege walinitazama wakaendelea kula. Shamba la jirani lilikuwa la Mzee Masanja, Msukuma aliyekuja bondeni na ng'ombe wake miaka mingi kabla, akabaki na wachache na kuanza kulima. Tekla alikuwa ametuonya: "Mmekaa mpakani na Msukuma, mtalimia ng'ombe." Ng'ombe wake hawakuwahi kuingia kwetu, lakini maneno yake yaliingia kila siku. Siku ile ya kwanza aliniangalia kutoka dunguni kwake kwa muda mrefu, kisha akasema kwa sauti iliyovuka mashamba mawili, "Binti, hao ndege unawafukuza au unawasalimia?"

Nilikaa chini nikajifunika kitenge. Mama mdogo alipokuja akakuta masuke mengi ya pembeni yamebaki matupu. Hakunigombeza. Alishuka kwenye pikipiki na kitabu chake kwapani, akaangalia mpunga, akaangalia kitabu, akasema, "Mimi nina siku moja tu ya kusoma, na siku hiyo hiyo ni ya ndege." Akatembea hadi chini ya dungu langu akanipa kile kitabu. "Huwezi kupiga kelele, sawa. Kusoma unaweza. Mimi nakwenda dungu la kule. Soma kwa sauti ambayo mimi nitaisikia."

Kilikuwa kitabu cha Kiingereza. Nilikisoma kama ambavyo ningesoma Kiswahili, kila herufi na sauti yake, bila kujua ninasema nini. Ukurasa wa kwanza sauti haikufika. "Sikusikii," akaita. Nikaongeza. "Bado." Nikasimama, nikashika nguzo ya dungu, nikasoma kwa sauti ambayo sikujua iko kifuani mwangu, na kundi zima la ndege likanyanyuka katikati ya shamba likageuka angani kama nguo inayokung'utwa. Nimefikiria sana kwa nini niliweza siku ile. Nadhani ni kwa sababu maneno yale hayakuwa yangu, kwa hiyo aibu yake nayo haikuwa yangu. Nikawa nasoma swali, mama mdogo anajibu kutoka kule, akimaliza jibu anapiga debe kwa fimbo, na mimi napiga langu, ndege wanaruka, ninafunua ukurasa. Akikosea alikuwa anajua mwenyewe. Alikuwa anakatisha jibu na kusema, "Rudia hilo."

Haikuchukua siku nyingi Mzee Masanja akavuka mpaka na kibuyu cha maziwa ya mgando. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akamgeukia mama mdogo aliyekuwa ameshuka kunywa maji.

"Nesi, hawa ndege mnawatukana kwa Kizungu?"

"Nasoma, mzee. Nina mtihani."

"Kwa umri huu?"

"Kwa umri huu huu."

"Haya. Sasa mimi jirani yako nasikia kelele kutwa nzima na sielewi hata moja. Ingekuwa redio ningekuambia uizime. Nieleze basi, leo mmesema nini?"

Mama mdogo akaanza kumweleza kwa Kiswahili. Ilikuwa habari ya mtoto anayeharisha, namna mwili unavyopoteza maji na chumvi. Alianza vizuri, akasimama. Akaanza tena kwa njia nyingine, akasimama pale pale. Mzee alikuwa anasubiri, kikombe mkononi. Nilidhani mama mdogo atakasirika, lakini alionekana kama mtu aliyegusa mfukoni na kukuta tundu. "Nisubiri mpaka kesho, mzee," akasema. Siku ile hakulala mchana. Alisoma kurasa zile zile mpaka jua likashuka, midomo inatembea, na kesho yake kabla ya kwenda zamu alisimama mpakani akamweleza yote, na Mzee Masanja akasema, "Sasa ndiyo umesema."

Kuanzia hapo utaratibu ukabadilika. Nilisoma swali kwa Kiingereza, mama mdogo akajibu kwa Kiingereza, debe. Kisha akasema jibu lile lile kwa Kiswahili kwa ajili ya jirani, debe. Na Mzee Masanja kule kwake akawa anapiga la kwake kuonyesha amesikia. Watu waliopita na baiskeli njiani walisimama kutusikiliza na kuondoka wakitikisa kichwa. Mzee alijifunza kwa bidii lakini alichanganya. Jibu alilolipenda lilikuwa lile la macho ya mtoto kuingia ndani. Mama mdogo akiulizwa dalili za malaria kali, sauti kutoka ng'ambo ilimtangulia: "Macho yameingia ndani." Akiulizwa hatari kwa mama aliyejifungua: "Macho yameingia ndani."

"Hiyo ilikuwa ya wiki iliyopita, mzee," mama mdogo alikuwa anaita.

"Dalili ni dalili, nesi."

Nilicheka mpaka nikakaa. Nilikuwa na furaha wakati ule, na wala sikuelewa ni ya nini. Nilikuwa nasoma kitabu chote cha diploma kwa sauti, mwanzo hadi mwisho, na nilikuwa sijui kilichomo isipokuwa kile kilichorudi kwangu kwa Kiswahili cha kumwelezea Msukuma. Hata leo nikisikia mtoto anaharisha, mkono wangu unakwenda kumfinya ngozi ya tumbo nione inarudi haraka au polepole. Je, nimesoma au sijasoma?

Kuna siku moja mama mdogo alifika akapanda dungu lake bila kusalimia mtu. Nikasoma swali. Nikasoma tena kwa sauti zaidi. Alikuwa amekaa, shamba ameligeuzia mgongo. Nikashuka nikatembea kwenye tuta mpaka kwake. Aliniambia bila kunitazama kwamba Daktari ameleta msichana mwenye diploma, ametoka chuoni majuzi, na amemwambia yeye Adelina amfundishe kazi. "Nimfundishe kazi yangu," akasema. "Ni mtoto mzuri, Beni. Ana adabu. Ananiita mama. Sindano anatetemeka, nikamshika mkono." Nilirudi kwenye dungu langu nikiwa nimechanganyikiwa kama nilivyokuwa tangu mwanzo wa mwaka. Kama kusoma ndiko kunakohitajika, mbona aliyesoma anafundishwa na asiyesoma? Na kama kazi ndiyo elimu, mbona mwenye kazi ndiye anayeondolewa? Ndege walishuka. Nilikuwa napiga debe peke yangu na kitabu kimefungwa. Ndipo sauti ikatoka ng'ambo ya mpaka.

"Nesi. Mtoto akiharisha?"

Ndege wakazidi kushuka.

"Nesi, nakuuliza. Mtoto anaharisha, macho yameingia ndani. Ngozi ukiifinya?"

Nilimwona mama mdogo anafuta uso kwa kanga.

"Inarudi polepole," akajibu, kwa sauti ya chini.

"Sikusikii mimi, nina masikio ya mzee."

"Inarudi polepole." Safari hii alisimama. Debe.

Tulivuna. Magunia yakafika nyumbani, mengine yakauzwa kwa ajili ya chuo, na mama mdogo akaenda kwenye mitihani pamoja na Tekla, ambaye naye alikuwa anasomea diploma hiyo hiyo. Waliporudi alipitiliza chumbani kwake akalala na viatu, na chakula nilichompakulia akakiacha kikapoa. Habari nilizipata kwa Tekla, aliyekaa sebuleni na sahani ya wali akishindwa kula kwa kucheka. Mitihani ya kuandika ilikwenda. Lakini kulikuwa na mtihani wa vitendo, mnaingia mmoja mmoja chumbani, kuna sanamu la mgonjwa kitandani na wasimamizi wamekaa na karatasi. Unaulizwa, unajibu, unaonyesha. "Mimi nilikuwa nje nasubiri zamu yangu," Tekla alisema. "Nikasikia mtu anapiga kelele ndani kana kwamba nyumba inaungua. Mama yako mdogo. Anajibu maswali kama yuko porini. Anajibu kwa Kiingereza, akimaliza anapiga meza paa, halafu anarudia jibu lile lile kwa Kiswahili, paa. Kila swali. Makaratasi yanaruka. Msimamizi mmoja, baba wa watu, akamwambia taratibu, 'Sista, hilo ni sanamu, halisikii.'"

Kutoka chumbani mama mdogo akasema, "Nilijizuia nikashindwa. Bila kupiga, jibu la pili halitoki."

Tekla akacheka tena, kisha akaona uso wangu akaacha. Jikoni niliosha sahani nikiwaza kwamba mimi ndiye niliyeshika kitabu. Kama ameanguka, ameanguka kwa namna tuliyosoma, na hakukuwa na namna nyingine. Wiki za kusubiri majibu zilikuwa ndefu. Mchoro wa tumbo la mama mjamzito alikuwa ameufunika kanga, na hakuufunua hata katekista asipokuja.

Alifaulu. Aliambiwa kwa simu akiwa anachambua mchele, akaendelea kuchambua, mawe upande huu, mchele upande ule, na ghafla akaacha vyote akaenda kuufunua ule mchoro. Siku iliyofuata alivaa gauni la kanisani akaenda kwa Daktari. Alirudi mapema. Aliketi mezani, mahali pake pa kusomea, akaniomba chai. Daktari alimpongeza sana. Alimkaribisha kiti. Akamwambia nafasi zimeshajaa, amewachukua vijana wawili, na siku hizi kumbukumbu za wagonjwa zinaingizwa kwenye kompyuta na vijana wanajua. Akitaka anaweza kubaki chumba cha sindano kwa mshahara ule ule wa cheti. "Na akaniambia," mama mdogo alisema, "kwamba ningekuwa na kozi ya kompyuta ingekuwa habari nyingine." Nilisubiri alie. Alikunywa chai, akauliza, "Hivi kompyuta wanafundisha wapi hapa mjini?" Nilikasirika mwaka ule mara moja tu, na ilikuwa pale. Nilikasirika na sikujua namkasirikia nani. Daktari alikuwa amesema mwaka ukiisha, na ulikuwa haujaisha. Lakini vijana wale nao walikuwa watoto wa watu, walisoma, walihitaji kazi. Na yeye mama mdogo, ambaye ndiye aliyenyimwa, alikuwa anatafuta kalamu aandike jina la mahali pa kujifunza kompyuta.

Alifanya ile kozi, akaenda kwenye usaili katika zahanati nyingine upande wa Mngeta. Waombaji walikuwa wengi na karibu wote vijana. Alipata. Kwa nini alipata, hatujui. Tekla anasema ni diploma. Mama mdogo anasema walimuuliza atamweleza nini mama mwenye mtoto anayeharisha, akawaeleza kama alivyomweleza Mzee Masanja, na mkono akaukalia ili usipige meza. Lakini bosi wake mpya alimwambia baadaye kwamba walimchukua kwa kuwa ndiye pekee aliyekubali kuishi kule kule bila kuomba kurudi Ifakara kila wiki. Labda ni vyote. Labda hakuna hata kimoja. Alifungasha mchoro wake na Bikira Maria, akaniachia vitabu. Mimi nilibaki Ifakara, na leo nauza mchele sokoni. Wauzaji wenzangu wanasema sauti yangu inafika stendi. Vitabu vipo, juu ya kabati. Siku nyingine nafungua popote na kusoma kwa sauti, na bado sijui ninasema nini.

Sasa narudi msibani. Ulipofika wakati wa kusoma wasifu wa marehemu, mwanawe mkubwa alisimama na karatasi. Alianza akashindwa, machozi yakamzidi. Watu walikuwa wengi, wamekaa mpaka kwenye zizi, na spika haikuwepo. Mama mdogo akanigusa goti. "Nenda kasome." Nikatikisa kichwa. "Nenda, Beni. Hayo si maneno yako." Nikasimama. Nilipoishika karatasi nikasikia mkono wangu mwingine unatafuta nguzo ya dungu. Nikasoma kwa sauti ya shambani. Mahali alipozaliwa, Kanda ya Ziwa. Alivyokuja bondeni. Watoto wake, wajukuu wake. Kisha nikafika mahali palipoandikwa elimu, nikasoma kama palivyoandikwa: "Marehemu hakubahatika kusoma."

"Alisoma," mama mdogo akasema kutoka mkekani.

Watu wakageuka. Hakusimama. Alikuwa na begi lake mapajani na uso wake haukuwa na mzaha. "Alisoma na sisi," akasema. "Rudia hilo."

Mwana wa marehemu akanitazama, wazee wa Kisukuma wakanitazama. Karatasi ilisema hivi, na mama mdogo, mwenye diploma yake na digrii njiani, alisema vile. Mimi darasa la saba nilisimama katikati, karatasi mkononi. Nilijua Mzee Masanja alikuwa anachanganya dalili zote. Nilijua pia kwamba bila yeye lile jibu la pili lisingepatikana. Sikuweza kulirudia lile neno la karatasini, na sikuweza kuandika lingine hewani. Nikaruka mstari nikaendelea na tarehe ya kufariki. Nilipokaa, mama mdogo hakunilaumu. Alisema tu kwamba hapa mjini kuna darasa la watu wazima wanaotaka kufanya mtihani wa sekondari, wanakutana jioni, niende nikajiandikishe. Nikamwambia nitafikiri. Nimefikiri tangu siku ile mpaka leo, na ndiyo maana nimeandika.

Wewe unayesoma hapa, kama uliwahi kurudi darasani ukiwa mtu mzima, au uliachwa na kazi kwa kukosa karatasi, au unayo karatasi na kazi hujaipata, naomba uniandikie, kwa njia ile ile iliyokufikishia maneno haya. Andika taratibu kwa herufi kubwa, nami nitasoma kwa sauti. Nataka kujua mambo mawili. Kama ungekuwa umesimama pale msibani na karatasi ile, ungesoma nini kwenye ule mstari? Na siku yangu ikifika, mtu akisimama na karatasi yangu, unadhani pale kwenye elimu waandike nini?